Kupokea Kunataka Nafasi

Mimi sili tikiti maji. Mke wangu anajua, watoto wanajua, na majirani waliozoea kufuturu kwangu wameshaacha kunisogezea sinia la matunda. Ramadhani hii mwanangu wa mwisho alirudi sokoni amekumbatia tikiti kubwa kuliko kifua chake, akajikwaa kizingitini, likamponyoka. Lilipasuka kwenye sakafu ya jikoni na harufu ikaenea nyumba nzima, ile harufu mbichi ya maji na majani yaliyokatwa, na utamu kidogo kwa mbali. Mtoto alinitazama akingoja kugombezwa. Nilitoka nikaenda kukaa barazani, na nyuma yangu nikamsikia mama yake akisema kwa sauti ya chini, "Mwacheni baba yenu kwanza, kamkumbuka marehemu babu yenu."

Nilimkumbuka kweli. Na kwa kuwa nyinyi mnaonisoma wengi wenu ni wa rika langu, wazee wenu nao wameanza kuwatoka mmoja mmoja, nitasema tu jinsi ilivyokuwa bila kujifanya jasiri.

Baba yangu alikuwa mpakuaji wa mizigo sokoni, na jioni alikuwa bondia. Tuliishi Chumbageni, nyumba ya vyumba vitatu tuliyoshirikiana na mpangaji mmoja, na Tanga ya wakati ule mtu akitaja jina la baba kwa habari ya matikiti au kwa habari ya ngumi, alieleweka. Fuso za matikiti zilitoka upande wa Mwera zikiwa zimejaa mpaka juu ya bodi. Mtu mmoja alipanda juu ya mzigo akawa anarusha, na chini wenzake walisimama kwa mstari, tikiti likapita mkono kwa mkono mpaka chini ya turubai. Baba alisimama wa kwanza, pale tikiti linaposhuka kutoka juu na kasi yake yote. Hakuna aliyeipenda nafasi hiyo, maana ndiyo inayovunja vidole.

Likizo moja alinipeleka kunifundisha. Alinirushia dogo, la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nikakaza mikono kama ukuta. Likanipiga kifuani, likaangukia miguu yangu likapasuka, na makuli wakacheka mpaka yule wa juu ya gari akakaa chini.

"Umelizuia," Baba akasema. "Nani kakwambia ulizuie? Tikiti halizuiwi, linapokewa. Hilo lina safari yake. Ukilikatiza ghafla linakuja juu. Wewe nenda nalo kidogo, rudi nalo, halafu ndiyo uliambie basi."

Akanionyesha. Kubwa moja likashuka, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kurudi kabla halijamgusa. Ikashuka nalo, magoti yakalegea, mguu mmoja ukaenda nyuma, na tikiti likatulia kifuani pake kimya kabisa. Nilidhani ni uchawi mdogo ambao wanaume wakubwa wanao.

Hilo neno kupokea nilikuwa nalo nyumbani tangu sijaanza kuvaa suruali. Kwetu mtoto akimwona mtu mzima anakuja na kapu, au ndoo, au kuni, anainuka mbio kumlaki. Shikamoo, nikupokee? Na hungoji asimame, unamfuata akiwa anatembea, unaingiza mkono chini ya mzigo, unakwenda naye hatua kadhaa, mpaka uzito unahamia kwako bila yeye kusita. Mama alikuwa mtu wa Muheza, Mbondei mpole wa maneno, lakini akikukuta umekaa barazani huku jirani anapita na mzigo, ulipata ncha ya khanga. Kwa hiyo kichwani mwangu kapu, mgeni, tikiti, vyote vilikuwa kazi moja. Kuja kwa kitu, na wewe kukipa nafasi.

Ngumi nayo ikaingia humo humo.

Maana Baba alipigana vile vile alivyopakua. Ngumi ikija alikuwa ameshaanza kuondoka nayo, kichwa kinarudi, bega linarudi, na ikimfika imekwisha nguvu. Wapenzi wa ngumi wa Tanga, ambao midomo yao mnaijua, walimwita Mpokeaji. Wengine walilisema jina hilo kwa sifa. Wengi walilisema kwa kumsanifu, kwamba huyu ni mwanamume gani kazi yake kurudi nyuma. "Mpokee na mizigo, Mpokeaji!" walimpigia kelele ukumbini, na yeye akawa anatabasamu na kizuia meno kinywani. Alishinda mara nyingi kwa kumchosha mtu.

Akirudi nyumbani Mama alimkalisha kwenye kigoda uani akamchua kwa mafuta ya nazi aliyotia karafuu. Swali lake lilikuwa lile lile. "Leo umepokea ngapi?"

"Chache tu, Mama Sefu."

Sefu ni mimi. Nilikuwa nikikaa pembeni nikisikiliza, na swali lile lilinisumbua. Kapu ukilipokea unalipeleka jikoni. Tikiti linaenda chini ya turubai. Mgeni anaingizwa ndani anakalishwa. Sasa hizi ngumi, miaka yote hiyo Baba anazipokea, zilikuwa zinakwenda wapi? Siku moja nikamuuliza.

"Baba, unaziweka wapi?"

Alicheka sana. Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Humu. Kuna nafasi tele, si unajua mimi sikusoma."

Mama hakucheka. Aliendelea kumchua shingo, na mimi nikaondoka nimeridhika kabisa, nimepata jibu. Nililala na picha ya ngumi zimepangwa kichwani mwa baba yangu kama matikiti ghalani, moja juu ya nyingine. Mtoto ukimpa jibu analibeba kama lilivyo.

Baadaye nilielewa kwa nini Mama hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuona mambo. Baba alitia sukari kwenye chai, akaikoroga, akatia tena. Alitoka kwenda msikitini akarudi kuuliza alikuwa anakwenda wapi, halafu akafanya kama anatania. Akakasirika upesi, yeye ambaye hakuwa mtu wa hasira. Mama akamwambia aache ngumi. Hawakugombana, maana nyumba ile ilikuwa na mpangaji na kuta zilikuwa nyembamba, lakini nilisikia sauti zao zikipanda na kushuka alasiri nzima. Mwisho Baba akasema atapigana mara moja tu zaidi, Idi pili, na bondia aliyekuwa anatoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Horohoro, aage watu kwa heshima. Mama akasema, "Basi nenda. Ila urudi na kichwa unachoondoka nacho."

Alinichukua, kwa kuwa ilikuwa sikukuu na ilikuwa mara ya mwisho. Nilivaa kanzu yangu ya Idi. Ukumbi ulikuwa umejaa, joto na manukato ya sikukuu vimechanganyika na jasho, na waandaaji kwa tamaa ya kuongeza viti walikuwa wameusogeza ulingo na kuupunguza. Baba aliuona mapema. Alipanda, akapiga hatua nyuma, mgongo ukakutana na kamba. Akapiga nyingine upande wa pili, kamba. Akamgeukia kocha wake, Mbaruku, rafiki yake wa tangu ujana, mtu mwema ila ulimi wake haukuwa na breki.

"Padogo hapa," Baba akasema.

"Ndiyo vizuri. Leo hurudi nyuma. Waamuzi hawampi pointi mtu anayerudi nyuma, na watu wamekuja kukuaga. Simama wakuone."

Raundi za mwanzo alipigana kama alivyojua. Yule wa ng'ambo alikuwa kijana, mikono mizito, na kila alichotupa Baba alikipokea akakimaliza. Lakini watu walitaka kitu kingine. Wakaanza kumzomea, kwanza kwa utani, halafu si utani tena. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza kama Mpokeaji amekuja kuaga au kukimbia, na safu nzima ikaangua kicheko. Nilitaka kugeuka nimwambie kwamba hajui kitu, kwamba kupokea ni kazi ngumu kuliko kurusha. Sikugeuka, kwa kuwa alikuwa mtu mzima. Mbaruku kutoka kwenye kona alikuwa anapaza sauti, simama, simama, na nikamwona Baba anasita.

Akasimama. Zikaingia mbili, akazizuia kwa mikono migumu kama nilivyofanya mimi na lile tikiti. Ya tatu aliona kubwa inakuja, mwili ukakumbuka, akataka kurudi nayo. Alikuwa kwenye kona. Kichwa kilirudi kidogo tu kikakutana na nguzo iliyofungwa gunia. Ngumi yenyewe sikuisikia. Niliisikia nguzo.

Hakuanguka. Alimkumbatia yule kijana, kengele ikalia, akamaliza raundi zilizobaki akiwa amesimama pale pale, akapokea nyingine nyingi bila kuzipokea, akashindwa kwa pointi. Na watu wakasimama wakampigia makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walimpenda siku ile. Watu waliomsanifu miaka yote walimshika mkono mlangoni wakamwambia leo umepigana kiume. Mbaruku alikuwa na machozi ya furaha. Baba alitabasamu kwa kila mtu, na njia nzima ya kurudi nyumbani alinishika mkono, na kwenye njia panda ya nyumbani kwetu, ambayo aliipita kila siku ya maisha yake, alisimama akangoja mimi nigeuke kwanza.

Sasa mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nafika kwenye ile mada ya momenta, na kila mwaka nasimama mbele ya vijana nikiwaeleza kwamba kitu kinachokwenda, kwa uzito wake na kasi yake, hakisimami bure. Utakisimamisha kwa nguvu kubwa katika muda mfupi, au kwa nguvu ndogo katika muda mrefu. Njia ya tatu haipo. Ndiyo maana kipa huvuta mikono kifuani anapodaka, ndiyo maana mrukaji hukunja magoti anapotua, na bondia anayejua huondoka na ngumi. Wanaandika, wanafanya hesabu, wanapata. Sijawahi kuwaambia kwamba ule muda mrefu unataka mahali pa kukaa. Ukimnyima mtu hatua mbili za kurudi nyuma, umemnyima muda, na kila kilichobaki kinamwingia kwa mara moja. Nikifika hapo huwa nafuta ubao.

Baada ya Idi ile Baba alirudi sokoni. Fuso ikaja, akasimama mahali pake. Nilikuwepo, shule zilikuwa hazijafunguliwa. La kwanza alilipokea. La pili mikono yake ilianza kurudi kwa kuchelewa, likapita katikati, likapasuka miguuni pake. Makuli wakacheka kama walivyonicheka mimi. La tatu likapasuka. Hawakucheka tena. Yule wa juu ya gari akaacha kurusha, akakaa na tikiti mapajani. Baba aliyatazama yale maji mekundu juu ya vidole vyake. Ile harufu ikanijaa puani. Halafu akaniangalia mimi kama vile nilikuwa ninajua jambo ambalo yeye hakulijua.

Wiki hiyo hiyo Mbaruku alikuja nyumbani amefurahi. Yule kijana wa ng'ambo anataka marudio, safari hii kule kule Horohoro, na watu wanaulizia. Baba akasema sawa. Alisema upesi mno, kama mtu anayeitika asichokisikia. Mbaruku alipoondoka Mama alisimama mlangoni mwa uani ameshika mwiko, akamwambia mpangaji wetu, si kwa hasira, kwa kuchoka tu, "Huyu mtu amejaa. Kichwa kimejaa. Akiongezwa moja tu, basi."

Alikuwa anasema kama watu wazima wanavyosema. Mimi nilielewa neno kwa neno. Ghala limejaa. Baba aliniambia kuna nafasi tele, na sasa nafasi imekwisha, ndiyo maana hata matikiti yanamshinda, na akienda Horohoro hiyo ngumi ya huko haitakuwa na pa kuwekwa. Nililifikiria jambo hilo kama fundi anavyofikiria bomba lililoziba. Na nikaona dawa yake ni nyepesi. Mtu aliyelemewa na mzigo anafanywa nini?

Nilimkuta amekaa barazani peke yake, jua halijashuka, vidole vyake vinacheza cheza juu ya goti. Nikasimama mbele yake kwa adabu, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Baba. Nikupokee?"

Akanitazama, akatazama mikono yake mitupu. "Marahaba. Unipokee nini, mwanangu? Sina mzigo."

"Hizo za kichwani," nikasema. "Si zote. Unipe kidogo. Mimi ninasoma lakini nafasi bado ipo."

Nikafumba macho nikamwekea uso. Nilikuwa nimelegeza magoti, mguu mmoja nyuma, tayari, kama alivyonionyesha chini ya fuso. Nilijua itauma. Niliogopa sana, lakini niliogopa Horohoro zaidi.

Nilingoja. Haikuja. Nikasikia kitu kama mtu anakohoa, na nilipofumbua macho Baba alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yake yanatikisika. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Mama alitokea mlangoni kuuliza kuna nini, akatuona, akageuza uso akaegemea mwimo. Baba akaniwekea mkono kichwani, mzito, mkono wenye vidole vilivyopinda kwa matikiti na kwa ngumi, akauacha pale muda mrefu.

Asubuhi yake alikwenda kwa Mbaruku akamwambia haendi Horohoro wala kwingine. Mbaruku alimwita majina, wakanuniana mwaka mzima.

Ningeishia hapo, mngefurahi, na mimi ningefurahi. Lakini Mama alikuwa sahihi kwa namna ambayo mimi sikuijua. Zilizokwisha kuingia hazikutoka. Makuli wenzake walimpa kazi ya kukaa chini ya turubai kulinda, kisha hata hiyo ikamshinda. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikarudi kufundisha, na kila nilipopita nyumbani alikuwa amepungukiwa na kitu kingine. Majina yalikwenda kwanza, ya watu wa mbali, halafu ya karibu. La Mbaruku, ambaye alikuja kukaa naye kila Ijumaa mpaka mwisho na hakuzungumza habari za ngumi tena. Langu. La Mama halikutoka, au labda Mama alilijibu kabla hajalitafuta.

Kupokea hakukutoka upesi. Alikuwa hajui mimi ni nani, lakini nikitokea njiani na kapu anainuka kwenye kiti, anakuja, mikono inaingia chini ya kapu na kurudi nalo taratibu kama zamani. Nilikuwa ninaleta kapu hata nisipokuwa na kitu cha kuleta, naweka viazi tu liwe na uzito. Mpaka siku moja nilimpa kikombe cha chai, akakitazama kikija, na mikono ikabaki mapajani. Kilipovunjika hakushtuka. Mama akaokota vipande. Baada ya siku ile sikuleta kapu tena.

Tulimzika mwaka jana, baada ya sala ya alasiri. Mimi na Mbaruku tuliingia kaburini, ingawa Mbaruku ni mzee na watu walimkataza. Juu yetu walishika shuka, mwanga ukapungua, na udongo ulikuwa umetoka kuchimbwa, mbichi. Pale ndani ni padogo. Nilisimama na ukuta mmoja kwenye bega na mwingine kwenye kiwiko, nikamwona Mbaruku anauangalia ukuta ulio nyuma yake, kisha ananiangalia mimi. Akajibana pembeni kabisa, akajikunyata, aniachie mahali.

Aliye juu akasema, "Haya, pokeeni. Taratibu."

Baba akashuka. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kurudi kabla hajanigusa. Nikashuka naye, magoti yakalegea, mguu mmoja ukaenda nyuma, nikarudi naye mpaka mgongo ukakuta udongo, na nafasi ikatosha. Hakugonga popote.